Uzi: Alkoholi kwenye pafyumu ina kazi gani hasa? Na ile "isiyo na alkoholi" ni bora kweli?

Mvukizo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa bei za pafyumu za kupima watu walikaribia kushikana mashati. Kundi moja linadai alkoholi ni ya kujazia chupa tu, muuzaji anakupunja mchana kweupe. Kundi lingine linadai isiyo na alkoholi ndiyo orijino, nyingine zote ni uchafu. Mimi kuchanganya manukato ndiko kunakonipa ugali, kwa hiyo nimeona bora tulizungumze jambo lenyewe. Andiko ni refu, asiyependa kusoma apite salama.

Alkoholi inayozungumzwa hapa ni ethanoli, ileile iliyomo kwenye bia na kwenye gongo. Inatokana na kuchachusha kitu chenye sukari au wanga: molasi za miwa, mahindi, ngano, zabibu. Baada ya hapo inakenekwa, yaani inachemshwa na mvuke wake unapozwa uwe maji tena, mpaka kufikia kama asilimia 96. Ukiendelea kuikeneka kwa njia ya kawaida haipandi tena, maana hapo maji yaliyobaki na ethanoli vinapaa pamoja.

Sasa shika chupa ya mililita 100 iliyoandikwa Eau de Parfum. Mafuta yenye harufu yenyewe mara nyingi ni kati ya asilimia 15 na 20. Eau de Toilette huwa 5 hadi 15, na Eau de Cologne 2 hadi 5. Haya ni mazoea ya biashara, hakuna sheria inayombana mtengenezaji, ndiyo maana unaweza kukuta "Toilette" ya kampuni moja inaipiku "Parfum" ya jirani yake. Sehemu kubwa iliyobaki ni alkoholi na maji kidogo. Hapo ndipo watu wanapopiga kelele kwamba wameuziwa spiriti.

Lakini jiulize kwa nini hata nyumba kubwa za Ufaransa, zenye hela ya kutia chochote zinachotaka, zinatia ethanoli.

Harufu moja iliyotulia inaweza kuwa na viungo makumi kadhaa. Vingine ni mafuta mepesi kama ya limau, vingine ni unga kama vanilini, vingine ni utomvu unaonata kama ubani. Ukivitia kwenye maji, mafuta yanaelea na utomvu unaganda chini. Ethanoli ina upande unaopatana na maji na upande unaopatana na mafuta, kwa hiyo inaviyeyusha karibu vyote na chupa inabaki angavu.

Kazi ya pili ndiyo naipenda zaidi. Ethanoli inachemka kwenye nyuzi 78 tu, na ukiipaka mwilini haisubiri kuchemka, inaondoka yenyewe ndani ya muda mfupi. Ikiondoka inaacha utando mwembamba sana wa harufu umetandazwa kwenye ngozi, na vile viungo vyepesi vinapanda nayo. Mwenye wasiwasi ajaribu hivi: chukua mafuta ya ganda la chungwa, tone moja changanya na mafuta ya nazi yaliyosafishwa, tone jingine changanya na ethanoli kwa kipimo kilekile. Chovya karatasi mbili, zishike mbele ya pua. Ya ethanoli kwanza inakuchoma kidogo, ivumilie, halafu chungwa linakurukia kama limemenywa sasa hivi. Ya mafuta ya nazi chungwa lipo, ila limelala. Lazima uisogeze karatasi mpaka karibu iguse pua. Rudi baada ya saa kadhaa: ya ethanoli haina kitu tena, ya mafuta bado ina kaharufu. Ugomvi wote wa ule uzi mwingine umo kwenye karatasi hizo mbili.

La tatu watu hawalijui: harufu ikiwa kali mno haifunguki. Asmini ina kiungo kinaitwa indoli. Ukikinusa peke yake bila kukizimua utadhani vidonge vya kufukuzia nondo kabatini, wengine wanasema choo. Kikizimuliwa sana kinakuwa ua. Kwa hiyo kuzimua nako ni sehemu ya upishi wenyewe.

Msimamo wangu: kuuliza "ina alkoholi au haina?" hakukusaidii sana. Uliza ni alkoholi gani, na mchanganyiko umepumzishwa kwa muda gani kabla ya kuuzwa. Karibuni.

Bi Kilua

Mwanangu Mvukizo, umesema vizuri lakini hebu na sisi watu wa Unguja tuseme. Bibi zetu hawakuijua hiyo ethanoli na walikuwa wakipita uchochoroni mtu anajua fulani kapita. Udi chetezoni, nguo zinatandazwa juu ya tenga zinavukizwa, nywele zinavukizwa, mafuta ya msandali nyuma ya masikio, kikuba cha asmini na rehani kifuani. Mgeni akija anarashiwa marashi ya mawaridi kwa mrashi. Kanga yangu ikivukizwa leo, kesho kutwa bado inanukia. Hiyo ya chupa saa nne asubuhi imeshakwenda zake. Sasa ipi ya kweli?

Mvukizo

Shikamoo Bi Kilua. Sikupingi hata kidogo, ila angalia kitu kimoja. Kipande cha udi ukikiweka tu mezani hakijazi chumba. Kinachokipandisha ni makaa. Kwa hiyo kwenye chetezo kazi ya kuipaisha harufu inafanywa na moto, na kwenye chupa inafanywa na alkoholi. Msandali nao hauhitaji msaada mkubwa kwa sababu ni mafuta mazito, yanaondoka taratibu, na joto la shingo linayatosha. Ndiyo maana wahindi wa Kannauj tangu zamani wanapokea mvuke wa maua moja kwa moja ndani ya mafuta ya msandali wakitengeneza atari. Msandali ndio unaobeba, na wenyewe unanukia.

Tatizo linakuja ukitaka limau, chungwa, nanaa, vitu vya kuamsha. Hivyo ndani ya mafuta vinapoa. Bibi zetu walichagua harufu zinazokubaliana na njia waliyokuwa nayo: udi, ubani, msandali, waridi. Hawakukosea popote.

Mpiga Debe Mstaafu

Naomba kuuliza, hawa jamaa wa kolonya wao walianzaje? Mzee wangu alikuwa na chupa yenye namba 4711, akimaliza kunyoa anajimwagia mpaka macho yanamtoka machozi.

Mvukizo

Mkuu, hiyo ni hadithi ya mji wa Cologne, Ujerumani. Biashara ya familia ya Kiitaliano ya Farina ilianza pale mwaka 1709, na mtunzi wa harufu yenyewe ni Johann Maria Farina. Manukato mengi ya Ulaya enzi hizo yalikuwa mazito, miski na vitu vya aina hiyo. Yeye akachukua bergamoti (tunda la jamii ya limau), limau, chungwa na majani, akaviyeyusha kwenye spiriti safi ya zabibu. Mwaka mmoja kabla alimwandikia ndugu yake kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya Italia majira ya kuchipua, mvua ikiwa imekatika. Usafi wa spiriti ndio uliobeba jambo zima, kwa sababu spiriti chafu ina harufu yake na ingelimeza limau.

Kinachochekesha ni kwamba maji hayo yalikuwa yakinywewa pia kama dawa. Mwaka 1810 Napoleon akatoa amri kwamba dawa za kunywa ziwekwe wazi mchanganyiko wake. Wauzaji, ili wasitoe siri, wakasema hii sasa ni ya kujipaka tu. Hiyo 4711 ya mzee wako ni ya kampuni nyingine ya hapohapo mjini, nayo inahesabu mwanzo wake 1792.

Mswahili wa Muscat

Niongeze kidogo. Huku Oman mtu anavaa vyote viwili na haoni tabu. Asubuhi mafuta ya udi kwenye viganja na ndevu, kisha bukhuri kwenye dishdasha (kanzu ya huku), kisha anapuliza chupa ya kisasa juu yake. Kampuni ya manukato ya Amouage iliyoanzishwa hapa mwaka 1983 kwa matakwa ya Sultan Qaboos inauza pafyumu za kupuliza zenye alkoholi na pia mafuta ya atari yasiyo nayo. Mteja anachagua.

Na waliofika Uturuki watakwambia kolonya kule ni adabu ya nyumba. Mgeni akikaa anamiminiwa ya limau mikononi, kwa kawaida ya digrii 80, yaani ethanoli asilimia 80. Lilipoingia janga la korona mwaka 2020 waliigombania madukani, maana alkoholi ya kiwango hicho inaua vijidudu.

Mvukizo

Ahsante sana. Na mwaka huohuo, mwezi Machi, LVMH, kampuni kubwa ya Ufaransa ya bidhaa za anasa, ilielekeza viwanda vyake vya pafyumu za Dior, Guerlain na Givenchy vitengeneze vitakasa mikono kwa hospitali za Ufaransa. Ethanoli na mashine za kujaza chupa zilikuwa zipo tayari pale.

Abuu Rehani

Assalaam alaykum. Mmelizunguka lile ambalo wengi tunaliogopa. Mimi naswali. Nikipuliza pafyumu yenye alkoholi kwenye kanzu, swala yangu ikoje? Nilipokulia tuliambiwa ni najisi, mwisho wa mazungumzo.

Maalimu wa Kando

Waalaykumu salaam. Ndugu yangu, mimi si mufti, nakueleza tu khitilafu ilivyo. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne, na sisi huku pwani wengi wetu ni Shafi, wanaihesabu khamri, yaani pombe ya kulevya, kuwa ni najisi. Swali la zama hizi ni je, ethanoli ya kiwandani iliyotiwa sumu au uchungu isinyweke, nayo ni khamri? Wengi wa zama hizi wanasema hapana. Dar al-Ifta ya Misri, taasisi yao ya kutoa fatwa, inaruhusu manukato yenye alkoholi. Baraza la Maulamaa la Indonesia, nchi ya Kishafi kama sisi, kwenye fatwa yake namba 11 ya mwaka 2009 lilisema alkoholi isiyotokana na khamri si najisi. Wapo pia wanaoona heri kujiepusha, nao wana hoja yao ya tahadhari. Muulize mwalimu unayemwamini, na usimkejeli mwenzako aliyechukua kauli nyingine.

Abuu Rehani

Shukran shekhe. Nitaendelea na mafuta yangu msikitini, ya kupuliza nitavaa ofisini. Roho itulie.

Kijana wa Kongowea

Mimi niko Mombasa, hii "kutiwa uchungu" ni nini? Kwenye chupa yangu imeandikwa Alcohol Denat. Nilidhani ni aina ya alkoholi hafifu.

Mvukizo

Ni ethanoli ileile ila imeharibiwa makusudi isinyweke. Sababu kubwa ni kodi. Pombe ya kunywa inatozwa ushuru mkubwa, na serikali hazitaki mtu aagize matangi kwa jina la pafyumu halafu ayauze baa. Kwa hiyo inatiwa kitu. Maarufu ni denatoniamu benzoeti, iliyogunduliwa Uskochi mwaka 1958, chungu kuliko karibu kila kitu kinachojulikana. Kiasi chake ni kidogo mno, pua haikioni. Ulimi unakiona. Jipulize kiganjani, subiri pakauke, kisha menya chungwa kwa mkono uleule na ule. Kwa pafyumu nyingi utatema. Alkoholi imeshaondoka zamani ila uchungu umebaki kwenye ngozi.

Mama Tatu

Kumbe! Ndiyo maana mwanangu wa mwisho akinibusu shingoni analalamika mama mchungu. Nilidhani ni kisirani tu.

Jino la Pembe

Wakuu, mimi nina kilio. Kuna duka moja la kupima hapa mjini, silitaji. Nimechukua ya elfu kumi, nikapuliza, inanuka wodi. Kabisa wodi ya hospitali! Nimerudi, jamaa ananiambia "itulie itakaa sawa". Nimepigwa?

Mvukizo

Inawezekana umepigwa, inawezekana pia amesema kweli nusu. Harufu ya wodi mara nyingi ni ya isopropili, alkoholi ya kufutia ngozi kabla ya sindano. Inayeyusha mafuta vizuri tu na baadhi ya wachanganyaji wanaitumia ikikosekana ethanoli, lakini ina harufu yake nzito na haiondoki haraka kama ethanoli. Kama ni hiyo, hata ukiisubiri mwaka mzima.

Ila ipo sababu nyingine. Mafuta yakimiminwa kwenye ethanoli mbele ya mteja, yakatikiswa na kukabidhiwa, alkoholi inanuka mbele ya kila kitu. Viwandani mchanganyiko unapumzishwa wiki kadhaa gizani. Kule ndani mambo yanatokea kweli, si imani: aldehaidi (aina moja ya viungo vya harufu) zinashikana na alkoholi, viungo vingine vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, ncha kali zinapungua. Baadaye unapozwa sana, nta na utomvu usiokubali kuyeyuka vinajitenga, unachujwa. Ukiruka hatua hizo unaweza kupata chupa yenye ukungu au mashapo chini. Ukungu pia unatokana na kuzidisha maji. Ethanoli ikizimuliwa kupita kiasi inashindwa kuyabeba mafuta, yanajitenga kwa matone madogo sana na chupa inageuka rangi ya maziwa.

Kwa hiyo jaribu hivi: iache wiki tatu kabatini. Ikiwa bado ni wodi, mrudishie chupa yake.

Kijana wa Kongowea

Na ile methanoli tunayosikia?

Mvukizo

Hapo tusifanye utani. Methanoli ni ndugu wa ethanoli kwa sura, inachemka nyuzi 64 hivi, kwa pua huwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Mwilini inageuka kuwa asidi ya fomiki, inashambulia neva ya jicho, inapofusha na inaua. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye vipodozi kama kiharibio tu, isizidi asilimia 5 ya ethanoli na isopropili iliyomo. Mchanganyaji wa uchochoroni anavutiwa na bei yake. Na ile ya kuwasha kijiti uangalie rangi ya moto haithibitishi kitu. Zote mbili zinawaka buluu, na unaweza kuunguza duka.

Mtumiaji wa kawaida anayejipuliza mara mbili hafi. Hatari kubwa iko kwa mchanganyaji anayevuta mvuke wake kutwa ndani ya chumba kisicho na dirisha, na ngozi nayo inaipitisha. Na iko kwa anayekunywa. Kenya Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Irkutsk, Urusi, Desemba 2016, zaidi ya watu 70 walikufa kwa kunywa kimiminika cha kuogea kilichokuwa nayo.

Mpiga Debe Mstaafu

Mtaani kwetu kuna jamaa akikosa mia tano ya gongo anachungulia kabati la dada yake. Nitamsomea hii kwa sauti.

Binti Karafuu

Swali la mtu wa Pemba. Pale Wawi, Chake Chake, kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) kinatoa mafuta ya karafuu kwa mvuke. Alkoholi haiingii. Kwa hiyo kwenye kuyapata mafuta yenyewe alkoholi haina kazi, sivyo?

Mvukizo

Kwa karafuu haina, dada. Makonyo yanavumilia mvuke. Ua la langilangi la Komoro nalo linavumilia. Asmini haivumilii, ukiichemsha unapata kitu kingine kabisa. Kwa hiyo pale Grasse, Ufaransa, zamani walitandaza maua juu ya mafuta ya wanyama yaliyopakwa kwenye vioo, wakayabadilisha kila siku mpaka mafuta yakashiba harufu, kisha wakayaosha kwa alkoholi. Alkoholi ilichukua harufu ikaiacha shahamu. Siku hizi wanatumia heksani, kiyeyushi kinachotokana na petroli, unapatikana mgando wenye nta nyingi, na bado unaoshwa kwa ethanoli, unapozwa chini ya sifuri ili nta igande, unachujwa, ethanoli inaondolewa. Kinachobaki ndicho kinachouzwa kwa bei ya kutisha. Ambari inayotupwa na bahari ufukweni nayo kwa kawaida inalowekwa kwenye alkoholi kwa miezi. Kwa hiyo hata chupa ya mafuta iliyoandikwa "haina alkoholi", asmini yake huenda ilipita humo njiani.

Mama Tatu

Mimi ngozi yangu inawasha. Daktari kaniambia niache pafyumu. Alkoholi?

Mvukizo

Pole dada. Alkoholi inakausha na inachoma penye mkwaruzo, kwa mfano mara baada ya kunyoa. Ila upele wa mzio mara nyingi unatokana na viungo vya harufu vyenyewe, na hivyo vimo hata kwenye mafuta, tena vikiwa vikali zaidi. Msikilize daktari wako. Na wote: yenye bergamoti ghafi usipake shingoni halafu ukakaa juani, inaacha madoa meusi. Hilo ni kosa la bergamoti. Akikuruhusu baadaye, puliza kwenye nguo.

Binti Karafuu

Nataka kuchanganya yangu, mililita 30 hivi. Nipe vipimo vya mtu asiye na maabara.

Mvukizo

Tumia mizani ndogo ya vito, usihesabu matone. Mafuta gramu 5, ethanoli ya vipodozi gramu 20, nunua kwa muuzaji wa kemikali anayekupa karatasi ya vipimo, si ya chupa ya soda. Anza na mafuta, mimina ethanoli taratibu, koroga, funga. Chupa ya kioo cheusi, kabatini, wiki nne. Siku ya mwisho iweke kwenye friji usiku mzima, kisha ichuje ingali baridi. Maji usitie kwanza. Ukitaka kupunguza ukali, tia ya kukenekwa tone kwa tone na usimame ukiona ukungu unaanza. Na jiko lizimwe, hata kiberiti kisiwepo chumbani. Mvuke wa ethanoli unashika moto kuanzia nyuzi 17 hivi, na Pemba hakuna usiku wa nyuzi 17.

Binti Karafuu

Chujio gani?

Mvukizo

La karatasi, la kahawa. Supamaketi lipo.

Bi Kilua

Na ukimaliza, mwanangu, tuletee na sisi tunuse. Chetezo changu hakina wivu.